Insulini Moja, Bei Mbili: Jinsi Bei ya Dawa Inavyopangwa Marekani

Novemba 2021 kampuni ya Viatris iliingiza katika soko la Marekani insulini aina ya glarjini, iliyotengenezwa kwa kufuata mfano wa Lantus, insulini ya kampuni ya Sanofi, na kuidhinishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, kuwa mfamasia anaweza kuitoa badala ya Lantus bila kuomba kwanza idhini ya daktari. Iliiingiza kwa sura mbili. Boksi la kalamu tano lililoandikwa Semglee lilitangazwa kwa dola 404.04, na boksi la kalamu tano lisilo na jina la biashara, lenye insulini ile ile, lilitangazwa kwa dola 147.98. Yeyote aliyezoea kununua na kuuza angesema kwamba boksi la bei nafuu ndilo litakalokwisha kwanza. Haikuwa hivyo. Express Scripts, moja ya kampuni tatu kubwa zinazofanya udalali wa dawa nchini humo, iliweka Semglee ya dola 404 kwenye orodha yake ya kitaifa ya dawa zinazolipiwa na bima.

Mimi ni mfamasia, na kazi yangu ni kusimama nyuma ya dirisha ambapo bei hizi humfikia mgonjwa. Ninapoulizwa na ndugu na marafiki, walioko huku na walioko nyumbani, kwa nini dawa ni ghali kiasi hiki katika nchi tajiri kuliko zote, huanza na kisa hiki cha maboksi mawili, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo hotuba nyingi za wanasiasa hulipita juu juu: bei iliyotangazwa ya dawa Marekani haikupangwa ili ilipwe na wengi. Imepangwa ili ikatwe, na makato hayo yana wenyewe.

Madalali ninaowataja ni kampuni zinazosimamia mafao ya dawa kwa niaba ya bima na waajiri. Tatu kati yao, yaani CVS Caremark, Express Scripts na OptumRx, hushughulikia karibu asilimia 80 ya dawa zinazoandikwa na madaktari nchini kote, na kila moja iko chini ya paa moja na kampuni kubwa ya bima ya afya: Caremark na Aetna ziko chini ya CVS Health, Express Scripts iko chini ya Cigna, na OptumRx iko chini ya UnitedHealth Group. Nguvu yao ni orodha. Dawa iliyomo kwenye orodha hulipiwa, na iliyoachwa nje huenda mgonjwa asiiguse kabisa. Mtengenezaji anayetaka dawa yake iwekwe mahali pazuri hukubali kurejesha sehemu ya bei baada ya mauzo, na kwa kuwa marejesho hayo hupimwa kwa asilimia ya bei iliyotangazwa, dawa ya dola 404 ina nafasi ya kutoa marejesho makubwa ambayo dawa ya dola 147 haiwezi kuyatoa hata ikitaka.

Hali hiyo haikuzuka kwa siku moja. Kamati ya Fedha ya Seneti, chini ya maseneta Grassley na Wyden, ilichapisha Januari 2021 uchunguzi wake juu ya insulini, uliotegemea nyaraka za ndani za kampuni zenyewe. Nyaraka hizo zilionyesha kwamba mwaka 2013 Sanofi ilikuwa ikitoa marejesho ya kati ya asilimia 2 na 4 ili kupata nafasi ya upendeleo kwenye orodha ya Caremark, na kufikia 2018 marejesho yake yalikuwa yamepanda hadi asilimia 56. Katika kipindi hicho bei zilizotangazwa zilikuwa zikipanda pia. Humalog ya Eli Lilly, iliyoingia sokoni mwaka 1996 kwa dola 21 kwa kichupa, ilifika takriban dola 275 kufikia 2017, na ndani ya kichupa hapakuwa na jipya lililoongezwa. Watengenezaji huwalaumu madalali na madalali huwalaumu watengenezaji. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinasema kweli kuhusu mwenzake, kwa sababu mpango huu haukuweza kusimama bila mmoja kupandisha na mwingine kuzawadia kupanda huko.

Sasa tazameni kinachotokea dirishani. Mgonjwa hunipa kadi yake ya bima, nami huingiza kwenye kompyuta namba kadhaa zilizoandikwa juu yake, na moja ya namba hizo huelekeza madai kwa dalali, wala si kwa kampuni ya bima ambayo jina lake limechapishwa kwa maandishi makubwa. Baada ya sekunde chache jibu hurudi likiwa na mambo matatu: kama dawa inalipiwa, mgonjwa atoe kiasi gani, na duka litalipwa kiasi gani. Marejesho hayamo katika jibu hilo. Yatalipwa miezi kadhaa baadaye, kwa mkataba ambao mimi siuoni, daktari hauoni, na mgonjwa hajui kama upo.

Kwa mgonjwa ambaye mchango wake umewekwa, tuseme dola 25 kwa kila dawa, hayo yote hayamgusi sana. Lakini mamilioni ya Wamarekani wana bima ambayo mwanzoni mwa kila mwaka humtaka mwanachama ajilipie mwenyewe kwanza, hadi afikie kiasi fulani, ndipo bima ianze kuchangia. Ndiyo maana Januari ni mwezi mgumu katika kila famasi nchini humu: mtu aliyelipa kidogo Desemba hurudi kuchukua dawa ile ile na kukuta anadaiwa bei nzima iliyotangazwa. Chukua mfano wa dawa ya dola 400 yenye marejesho ya asilimia 60. Mgonjwa huyu hulipa dola 400 mfukoni mwake, na baadaye dola 240 hurudi kwa dalali na kwa mpango wa bima, si kwake. Bima hueleza kwamba fedha hizo hutumika kupunguza ada ya mwezi kwa wanachama wote, na mara nyingi ni kweli. Ila katika chama chetu cha kufa na kuzikana wanachama wote huchanga ili mfiwa apumue, na hapa mfiwa ndiye anayetozwa ili mchango wa wengine upungue. Mtu mwenye kisukari, ambaye hawezi kukosa insulini kwa siku chache bila damu yake kujaa asidi, ndiye anayegharimia unafuu wa mtu mzima wa afya asiyenunua dawa yoyote. Jambo hili halina utetezi.

Machi 1, 2023 Eli Lilly ilitangaza kupunguza bei ya Humalog kwa asilimia 70, na wiki hizo hizo Novo Nordisk ikafuata kwa kupunguza NovoLog kwa asilimia 75, na Sanofi ikapunguza Lantus kwa asilimia 78. Vyombo vya habari vilishangilia, na rais aliyekuwapo alijipongeza. Shinikizo la wazazi na wagonjwa waliopaza sauti kwa miaka mingi lilikuwa na uzito wake, nami sitaki kulipunguza. Hata hivyo, sababu iliyofanya punguzo hilo liwe na faida kwa kampuni zenyewe ilikuwa imefichama katika kifungu kimoja cha sheria ya Machi 2021 ya kuokoa uchumi wakati wa korona, na inafaa ielezwe polepole.

Tangu sheria ya mwaka 1990, mtengenezaji anayetaka dawa yake ilipiwe na Medicaid, yaani bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, hulazimika kuirejeshea serikali sehemu ya bei. Kwa dawa nyingi zenye jina la biashara kiwango cha chini ni asilimia 23.1, na juu yake huongezwa adhabu: kila kiasi ambacho bei imepanda kuliko mfumuko wa bei tangu dawa ilipoingia sokoni lazima nacho kirudishwe. Kwa insulini iliyotoka dola 21 hadi 275, adhabu hiyo ni kubwa mno. Tangu 2010 sheria ilikuwa imeweka kikomo kwamba marejesho yote kwa pamoja hayawezi kuzidi bei ya dawa yenyewe, kwa hiyo kampuni iliyokwisha kufika kwenye kikomo iliweza kuendelea kupandisha bei bila kuadhibiwa zaidi. Sheria ya 2021 iliondoa kikomo hicho kuanzia Januari 1, 2024. Kuanzia siku hiyo, kila kichupa ambacho Medicaid ingelipia kwa bei ya zamani kingemfanya mtengenezaji ailipe serikali zaidi ya thamani ya kichupa. Bei mpya za Novo Nordisk na Sanofi zilianza kutumika siku ile ile, Januari 1, 2024. Hesabu ilikuwa imegeuka, na bei ikafuata hesabu.

Ninakaa juu ya jambo hili kwa sababu linaonyesha ni sera ya namna gani inayofanya kazi. Kampuni zilikuwa zimeitwa mbele ya kamati za Bunge mara kadhaa na kukaripiwa hadharani, na bei zilizotangazwa hazikushuka. Kifungu kilichofanya bei ya juu iwe hasara kilizishusha. Kilikuwa na madhara yake pia. Kampuni ya GSK, badala ya kushusha bei ya Flovent, dawa ya kuvuta ya pumu iliyotumiwa na watoto wengi, iliiondoa sokoni mwanzoni mwa 2024 na kuacha dawa ile ile isiyo na jina la biashara, ambayo bima nyingi hazikuwa zimeiweka kwenye orodha zao, na familia zikahangaika katikati ya msimu wa baridi. Novo Nordisk nayo iliacha kuuza insulini yake ya Levemir Marekani mwaka huo huo, ingawa yenyewe ilitaja sababu za uzalishaji na kupoteza nafasi kwenye orodha za bima.

Upande wa Medicare, bima ya serikali kwa wazee na watu wenye ulemavu, mabadiliko yalipitia mlango mwingine. Sheria ya mwaka 2003 iliyoanzisha malipo ya dawa ambazo mgonjwa huzichukua famasi ilikataza waziwazi serikali kuingilia majadiliano ya bei, na katazo hilo lilidumu hadi Agosti 2022, Rais Biden alipotia saini sheria ya kupunguza mfumuko wa bei. Sheria hiyo iliweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa insulini ya watu wa Medicare kuanzia 2023, ikaweka kikomo cha malipo ya mgonjwa kwa mwaka mzima wa dawa, kilichoanza kwa dola 2,000 mwaka 2025, na kuiruhusu serikali kujadili bei za dawa chache zilizochaguliwa. Dawa kumi za kwanza zilianza kuuzwa kwa bei mpya Januari 1, 2026: Januvia ya kisukari, iliyotangazwa kwa dola 527 kwa siku 30, sasa ni dola 113, na Eliquis ya kuzuia damu kuganda imetoka dola 521 hadi 231. Ozempic ya kisukari na Wegovy ya kupunguza uzito zimo kwenye kundi la pili la dawa 15, litakaloanza Januari 2027. Uzuri wa bei hizi ni kwamba zinaonekana. Mgonjwa anayelipa asilimia ya bei hulipa asilimia ya bei halisi, si ya bei ya kubuni.

Walioachwa nje ni wale walio na bima za binafsi na wale wasio na bima kabisa. Kikomo cha dola 35 kwa bima za binafsi kilipigiwa kura katika Seneti Agosti 2022 na kupata kura 57, wakati 60 zilihitajika. Majimbo zaidi ya 20 yameweka vikomo vyao, Colorado ikiwa ya kwanza mwaka 2019, lakini sheria ya shirikisho ya 1974 huyazuia majimbo kugusa mipango ya bima ambayo mwajiri mkubwa huigharimia mwenyewe, na wafanyakazi wengi wa Marekani wako humo bila kujua. California imechagua njia tofauti, ambayo binafsi ninaifuatilia kwa matumaini makubwa: kupitia mpango wake wa CalRx na shirika lisilo la faida la Civica, tangu Januari 2026 jimbo linauza kalamu tano za insulini glarjini kwa bei inayopendekezwa isiyozidi dola 55, bila marejesho ya kichinichini. Kikwazo chake ni kile kile cha Semglee isiyo na jina: dalali hapati kitu kwa kuiweka kwenye orodha.

Kwa Waswahili wenzangu wa Marekani, na hasa familia za Wakongo waliokuja kama wakimbizi, suala la bei iliyotangazwa linasogea karibu. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 inawaondoa kwenye Medicaid, kuanzia Oktoba 1, 2026, wakimbizi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu. Mama mwenye kisukari aliyekuwa akichukua insulini bila kulipa chochote atajikuta dirishani bila kadi, na asiye na kadi hana dalali wa kumkatia bei.

Mtu wa namna hiyo anapaswa kujua kwamba kampuni zote tatu za insulini zina mipango ya dola 35 kwa mwezi ambayo asiye na bima anaweza kuiomba, na kwamba Lilly huuza insulini lispro isiyo na jina la biashara kwa dola 25 kwa kichupa, hivyo amwulize mfamasia kwa jina, kwa maana kompyuta haitaitaja yenyewe. Vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali hutoza kulingana na kipato, na vingi vina famasi yake. Insulini za kizamani zinazouzwa katika maduka ya Walmart kwa takriban dola 25, katika majimbo mengi bila cheti cha daktari, zimeokoa maisha, lakini huanza na kuisha mwilini kwa muda tofauti na glarjini au lispro, na kipimo cha moja hakihamishwi kwenye nyingine kwa kukisia. Anayelazimika kubadilisha azungumze kwanza na daktari au mfamasia, aeleze anakula saa ngapi na anafanya kazi zamu gani, na apime sukari mara nyingi zaidi katika siku za mwanzo, hasa usiku.