Dinosau wa vipuri ni nini?

Dinosau wa vipuri ni sanamu inayojengwa kwa sehemu za magari yaliyokwisha kazi. Fundi haichongi wala haimimini kwenye kalibu. Huiunga kipande kwa kipande kwa kuchomelea. Sharti lake kubwa ni kipuri kubaki na umbo lake. Chuma kikishayeyushwa, hiyo ni kazi ya kiwanda cha nondo. Hapa mtazamaji anaona mbavu, akisogea anatambua springi za bapa za gari.

Aliyeipa sanaa hii jina kubwa ni Jim Gary, Mmarekani wa New Jersey (1939–2006), ambaye dinosau wake aliwapaka rangi kali za magari. Mwaka 1990 walionyeshwa katika makumbusho ya historia asilia ya Smithsonian, Washington, jengo lilelile lenye mifupa ya dinosau halisi.

Kwa nini gari lifae hivyo? Mifupa hujirudia. Mbavu huja mbili mbili, pingili za mgongo hufuatana zikipungua hadi ncha ya mkia. Vipuri navyo hutoka kiwandani kwa maelfu, vinafanana kabisa, na gia za giaboksi moja tayari zina ukubwa tofauti. Mabati na vyuma vya kuokoteza ovyo havikupi ulinganifu huo.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana. Springi ina kaboni nyingi: ukiichomelea ikiwa baridi, kiungo huweza kupasuka kinapopoa, kwa hiyo hupashwa moto kwanza. Oili na grisi ya zamani isiposafishwa, kiungo hujaa vitundu. Halafu kuna uzito. Shingo ndefu ya chuma huivuta sanamu mbele, hivyo mkia lazima uisawazishe, kama ulivyofanya kwa mnyama mwenyewe.

Kioko Mwitiki wa Kenya ameunda tembo na wanyama wengine wa porini kwa chuma chakavu. Tembo tunamjua kwa ngozi na mwili wake, kwa hiyo msanii ana kazi ya kuujaza mwili huo. Dinosau tunamjua hasa kwa mifupa, na fremu iliyo wazi inamtosha. Ndiyo maana naona sanamu nzuri ya dinosau ni ile ambayo huwezi kubadilisha kipuri chake kimoja bila kumharibu mnyama. Mahali ambapo chuma chochote kingefaa, fundi amejaza nafasi tu.