Je, wajua? Kwa nini somo ulilofaulu kwa mtihani wa krediti halina daraja kwenye transkripti ya chuo cha Marekani

Mara ya kwanza kushika transkripti ya chuo cha Marekani, yaani karatasi rasmi ya matokeo ya mwanafunzi, niliisoma vibaya, tena kwa kujiamini. Mpwa wangu anayesoma Texas alikuwa ameituma nyumbani ili mama yake aione, nami, kwa kuwa ndiye niliyepita chuo kikuu katika familia, nikaitwa kuifafanua. Juu kabisa ya karatasi, kabla hata ya muhula wa kwanza, palikuwa na masomo manne yaliyoandikwa herufi CR mahali ambapo pangekaa A au B. Nikamwambia dada yangu, kwa sauti ya mtu anayeleta habari mbaya, kwamba kijana ana "keri" nne, yaani masomo manne aliyoshindwa na anayotakiwa kuyarudia. Jioni kijana akapiga simu. "Mjomba, shikamoo. Hiyo si keri, hiyo ni krediti. Hayo masomo nimeyamaliza kwa mtihani kabla sijaingia darasani."

Nilimpongeza, kisha nikakosea mara ya pili. Nilisema kwamba, kama alifaulu mitihani yote minne kwa alama nzuri, basi GPA yake, yaani wastani wa madaraja yake, itakuwa imepanda sana. Haikupanda hata kwa nukta moja, wala haikushuka, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nianze kuzisoma karatasi hizi kwa umakini kuliko inavyomstahili mtu asiye msajili wa chuo.

Kwa ufupi, vyuo vingi vya Marekani humruhusu mwanafunzi kupata krediti za somo, yaani vipimo vinavyojumlishwa hadi kufikia shahada, kwa kufanya mtihani badala ya kuhudhuria muhula mzima. Mitihani inayojulikana zaidi ni ya AP, ambayo hufanywa na wanafunzi wa sekondari na kupewa alama 1 hadi 5, na ya CLEP, iliyoanza mwaka 1967 na ambayo hata mtu mzima aliyeacha shule zamani anaweza kuifanya. Yote miwili huendeshwa na College Board, taasisi ya mitihani ya Marekani. Vilevile zipo idara zinazotunga mitihani yao wenyewe kwa wanafunzi wa chuo husika. Shahada ya kwanza kwa kawaida huhitaji krediti 120, na somo la kawaida lina krediti 3, hivyo mtihani mmoja wa saa moja na nusu unaweza kumwondolea mtu miezi minne ya darasani na ada yake.

Sasa tuitazame transkripti yenyewe kwa karibu. Chukua mtihani wa CLEP wa historia ya Marekani kuanzia makoloni ya mwanzo hadi mwaka 1877. Katika vyuo vya umma vya Texas somo linalolingana nao lina namba HIST 1301. Mwanafunzi akipata alama 62, mstari utakaoandikwa una namba hiyo, jina la somo, krediti 3.00, na herufi ya kuonyesha kwamba somo limehesabiwa. Herufi hiyo hutofautiana: chuo kimoja huandika CR, kingine P, kingine T au TR. Ile 62 kwa kawaida haionekani popote. Aliyepata 50 na aliyepata 78 watatoka na mstari ule ule, neno kwa neno.

Juu ya mstari huo huwa na jambo ambalo hunifurahisha kila ninapoliona. Baadhi ya mifumo ya kompyuta inayotunza kumbukumbu za wanafunzi imejengwa ikiwa na milango miwili tu ya kuingizia krediti: somo lililosomwa hapa chuoni, na somo lililohamishwa kutoka chuo kingine. Mtihani si hili wala lile. Kwa kuwa hauwezi kupita mlango wa kwanza, hupitishwa wa pili, na kwa kuwa mlango wa pili hudai jina la chuo ulikotoka, ofisi ya msajili huingiza jina la mtihani katika nafasi hiyo. Matokeo yake ni karatasi rasmi yenye mhuri inayoorodhesha CLEP au AP kana kwamba ni chuo ambacho mwanafunzi aliwahi kukaa bwenini kwake. Na pale ambapo mtihani hauna somo linalolingana nao chuoni, somo hubuniwa namba isiyo kamili, kama vile HIST 1XX, yenye maana ya kwamba mwanafunzi anajua historia fulani ya kiwango cha mwaka wa kwanza, ingawa chuo hakifundishi somo lenye jina hilo.

Turudi kwenye GPA, maana hapo ndipo watu wengi huanguka, mimi nikiwa mmojawao. Wengine hutumaini kwamba alama kubwa itawainua, na wengine huogopa kwamba nafasi isiyo na A wala B itasomwa kama sifuri. Makundi yote mawili hudhani kwamba kila kilichoandikwa kwenye transkripti huingia katika wastani.

Fikiria daftari la kamati ya harusi. Wajumbe kumi na watano wamechanga fedha taslimu, na mweka hazina akigawanya jumla kwa kumi na tano anapata wastani wa mchango wa kila mjumbe. Kisha shangazi wa bwana harusi anafika na magunia mawili ya mchele. Mweka hazina anaandika kwamba mchele umepokelewa, na katika bajeti anaukata mstari wa mchele kwa sababu haja hiyo imekwisha. Lakini wastani wa fedha taslimu atauhesabuje? Akimwandika shangazi sifuri, wastani utashuka kana kwamba mama huyo amekwepa mchango. Akiukadiria mchele bei ya kichwani mwake, wastani utakuwa umechanganyika na bei ya kubuni. Njia ya haki ni kumwacha nje ya hesabu hiyo kabisa: thamani ya mchele isiingie kwenye jumla inayogawanywa, na jina lake lisiingie kwenye idadi inayogawanya. Mchele utaliwa, shangazi atashukuriwa, na wastani wa fedha utabaki pale pale.

Transkripti hufanya hivyo hivyo kwa safu mbili ambazo msomaji wa haraka huzidhani kuwa moja. Safu ya kwanza ni ya krediti zilizopatikana, ambayo huamua kama mwanafunzi amefikisha zile 120. Safu ya pili ni ya krediti zinazohesabiwa katika GPA. Mstari wa mtihani huingia katika ya kwanza na kuruka ya pili. Mpwa wangu katika muhula wake wa kwanza alisoma masomo matano ya krediti 3, akapata A mbili, B mbili na C moja. Kwa kipimo ambacho A ni pointi 4, hizo ni pointi 48 kwa krediti 15, yaani GPA ya 3.20. Masomo yake manne ya mtihani yalimwongezea krediti 12, hivyo safu ya kwanza ilisomeka 27, huku ya pili ikibaki 15 na GPA ikibaki 3.20. Kama yale manne yangehesabiwa kuwa A, angekuwa na pointi 96 kwa krediti 27, sawa na 3.56. Kama yangehesabiwa kuwa sifuri, angeanguka hadi 1.78.

Kwa nini basi asipewe A yake ikiwa alifaulu vizuri? Hapa ndipo dai langu kwamba GPA ingepanda lilipozidi kukosa miguu, kwa sababu nilidhani alama za CLEP ni asilimia. Si asilimia. Hupimwa kwa mizani inayoanzia 20 hadi 80, na alama 50, ambayo Baraza la Elimu la Marekani linapendekeza itolewe krediti katika mitihani mingi, haina maana ya kupata nusu ya maswali. Inalinganishwa na kiwango cha mwanafunzi aliyepata C katika somo hilo. Kwa hiyo chuo kinachopokea 50 kina uhakika wa jambo moja tu, nalo ni kwamba mtu huyu amevuka mstari. Zaidi ya hapo, daraja la mwalimu limekusanya insha, majaribio, maabara na mijadala ya muhula mzima, ilhali mtihani umepima asubuhi moja. Kuviweka viwili hivyo katika wastani mmoja ni kujumlisha fedha na mchele. Isitoshe, anayelalamika kunyimwa daraja akumbuke kwamba lingeweza kuwa C: masomo manne ya C yangeishusha GPA ya mpwa wangu hadi 2.67.

Kuhusu kushindwa, hofu ya kawaida ni kwamba mtihani ulioshindwa utabaki kama doa. Kwa mitihani ya nje kama CLEP, transkripti ya chuo kwa kawaida huandika kilichokubaliwa tu, na mtihani ambao haukufikia kiwango hauachi mstari wowote. Alama yenyewe hubaki katika kumbukumbu za College Board, ambayo huzitunza alama za CLEP kwa miaka 20, lakini hiyo ni karatasi nyingine ya taasisi nyingine. Anayetaka kurudia mtihani ule ule husubiri miezi mitatu. Mitihani inayotungwa na idara za chuo ni habari tofauti, kwa kuwa kila chuo kina kanuni zake, na ni busara kuuliza kabla ya kulipa ada.

Lazima pia niseme kwamba niliyoyaeleza si sheria ya nchi nzima. Katika vyuo vya jamii vya California, kanuni za jimbo huruhusu krediti za mtihani zitolewe pamoja na daraja la kawaida, ambalo huingia katika GPA, ili mradi kumbukumbu ya mwanafunzi ionyeshe waziwazi kwamba krediti hizo hazikutokana na kuhudhuria darasa. Upande wa pili kipo chuo cha Dartmouth, ambacho kuanzia wahitimu wa mwaka 2018 kiliacha kutoa krediti za kuhitimu kwa matokeo ya AP, ingawa mwanafunzi bado anaweza kuruhusiwa kuruka somo la mwanzo. Huyo ameruka somo, lakini krediti zake bado anatakiwa kuzipata darasani.

Krediti za mtihani hazisafiri vizuri pia. Mwanafunzi akihamia chuo kingine, chuo kipya mara nyingi hakitaridhika na ile CR ya chuo cha kwanza, bali kitadai alama kutoka kwa waliotoa mtihani na kuipima kwa kiwango chake, hivyo alama iliyotosha Texas inaweza isitoshe kwingine. Vyuo pia huweka kikomo: kwa mfano, chombo kinachotoa ithibati kwa vyuo vya majimbo ya kusini, Texas ikiwemo, hutaka angalau asilimia 25 ya krediti za shahada zitokane na mafundisho ya chuo chenyewe. Baadhi ya vyuo vya udaktari wa tiba havizipokei krediti za AP badala ya masomo ya lazima ya sayansi. Na kwa wanafunzi wetu wanaokwenda kwa viza ya wanafunzi ya F-1, ambao wa shahada ya kwanza hutakiwa kwa kawaida kusajiliwa krediti zisizopungua 12 kila muhula, krediti za mtihani hazijazi pengo hilo, kwa kuwa kilichofaulishwa kwa mtihani hakikusajiliwa darasani.

Msomaji wa Tanzania asizichanganye krediti hizi na mtihani wa Tume ya Vyuo Vikuu wa kutambua maarifa yaliyopatikana nje ya mfumo rasmi. Mtihani ule humfungulia mtu mlango wa kudahiliwa, na akishaingia huanza mwaka wa kwanza kama wenzake.

Mwaka uliofuata mpwa wangu alitaka krediti za lugha. CLEP ina mitihani ya Kifaransa, Kijerumani na Kihispania, lakini haina ya Kiswahili. Kiswahili hupimwa kwingine, ikiwemo katika mahojiano ya mdomo ya ACTFL, shirika la walimu wa lugha wa Marekani, ambapo mtahini huzungumza na mtahiniwa kwa simu na kumpandisha ngazi kwa ngazi hadi pale anapokwama. Vyuo vingine hukataa kumpa mtu krediti za masomo ya mwanzo ya lugha aliyokulia, ila chake hakikukataa. Alizungumza chini ya nusu saa, zaidi kuhusu bei za nauli na jinsi ya kupika pilau, na krediti zikaandikwa.

Transkripti mpya ilipofika, bibi yake, aliyemfundisha Kiswahili hicho tangu akitambaa, aliniomba nimsomee mstari huo mara mbili. "Kwa hiyo amepata A?" Nikamwambia hapana, bibi, wameandika CR. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wanaweza kumpigia yeye simu.