Oili ya kukadiria kwa macho ndiyo inayonokisha mashine za kufyekea majani

Mashine inaletwa imenoki, kamba ya kuwashia haivutiki hata kidogo, na mwenyewe anaapa: "Oili niliweka!" Muulize kiasi gani, atakuonyesha kizibo cha chupa ya maji. Imani hii kwamba oili ni ya kukadiria inaua mashine nyingi mno, nayo haihitaji ufundi wowote kuikwepa.

Injini ya 2T, yaani ya mipigo miwili kama hizi za kufyekea, haina oili yake ya chini kama ya gari. Pistoni, ringi, silinda na bearing za krenki zote zinalainishwa na oili iliyomo kwenye petroli, basi. Kitabu cha mashine kikisema 50:1, lita moja ya petroli inataka mililita 20 za oili. Kikisema 25:1, ni mililita 40. Kile kizibo hakifiki hata nusu ya hizo 20. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, lifunge kwenye dumu likae hapo. Tia nusu ya petroli, tia oili, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Changanya kwenye dumu, usichanganye ndani ya tangi la mashine. Na mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usiutumie.

Wapo wanaosema oili ikizidi ndiyo usalama. Hapana! Tundu la jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, ni lilelile, kwa hiyo oili ikiongezeka petroli inayopita inapungua, na injini inapata joto zaidi. Oili isiyoungua inageuka masizi, inaziba wavu mdogo wa ekzosi, kisha unalalamika mashine haina nguvu.

Aina ya oili nayo si ya kuchagua ovyo. Oili ya injini ya gari ina viungo vinavyoacha majivu: plagi inachafuka, ringi zinaganda. Huku pwani wengi huazima oili ya mashine za boti, yenye alama TC-W3. Hiyo ilitengenezwa kwa injini inayopozwa na maji, na yako inapozwa na upepo. Tafuta chupa ya 2T yenye alama JASO FC au FD.

Ukitaka kujua kama mashine imekwisha kupitishiwa petroli tupu, fungua ekzosi, vuta kamba polepole na uchungulie pistoni tunduni. Uso laini ni mzima. Ukiona mikwaruzo ya wima upande ule wa ekzosi, usinunue kabureta, maana ugonjwa hauko huko.

Na hiyo kabureta ndiyo ya pili kusingiziwa. Mashine ikikosa nguvu, watu hukimbilia bisibisi. Skrubu za kabureta hazijizungushi zenyewe. Kama mashine ilifanya kazi wiki iliyopita, kilichobadilika ni kitu kingine. Ukibana ile ya mwendo wa kasi unapunguza petroli, na oili inapungua pamoja nayo. Anza na kichujio cha hewa. Kisha vuta kichujio cha mafuta kutoka tangini kwa waya uliopindwa ncha, na uukague mpira wake kama umepasuka. Toa wavu wa ekzosi, usugue kwa brashi ya waya. Kama inazimika baada ya dakika chache, legeza kifuniko cha tangi: ikiendelea vizuri, tundu la kupumulia limeziba.

Kuhusu "plagi imekufa": ifungue kwanza uitazame. Baada ya kuvuta kamba mara kumi, plagi kavu maana yake mafuta hayafiki. Ikilowa, mafuta yamezidi au cheche hakuna. Ikaushe, zima choki, vuta tena. Nafasi kati ya ncha zake za cheche kwa mashine nyingi ni milimita 0.6 hadi 0.7.

Tukija kwenye kamba ya kukatia majani, nene haikati vizuri zaidi. Kichwa cha milimita 2.4 kinataka kamba ya 2.4, ukizidisha, klachi inateleza na kuungua. Waya wa chuma usifungwe kabisa, kipande kikikatika kinaruka kama risasi. Kinga ya plastiki nayo irudishwe mahali pake, kwa sababu kisu kidogo kilichomo ndicho kinachopunguza kamba; bila hicho inarefuka, injini inalemewa na kuchemka.