Kuruka mbali kwa ski za maji: yanayosemwa mwaloni na ukweli wake

Katika mchezo huu mtu huvutwa na boti akiwa juu ya ski, yaani mbao ndefu za kutelezea majini, kisha hupanda rampu, jukwaa lililoinama lililowekwa majini, na kuruka mbali awezavyo.

"Boti ndiyo inayomrusha." Boti ya mashindano ya wanaume haizidi kilomita 57 kwa saa. Mwendo wa ziada mrukaji anautafuta mwenyewe. Rampu hukaa kulia kwa njia ya boti, kwa hiyo yeye hujitoa kwanza kushoto kabisa, karibu awe ubavuni mwa boti, kamba ya mita 23 ikiwa imekaza. Kisha anageuza ski na kukata mawimbi yote mawili ya boti kwenda kulia. Anazunguka kama jiwe kwenye kombeo, na anafika rampuni na kilomita 100 kwa saa au zaidi. Kwa sababu ya mvuto huo wa pembeni, kamba hufungwa kwenye nguzo ya katikati ya boti. Ukiifunga nyuma, kama tunavyofunga mtumbwi wa kuvutwa, tezi, yaani nyuma ya boti, inavutwa upande na nahodha anapoteza mstari.

"Anaruka kwa kujisukuma na miguu, kama mpira wa wavu." Hana muda huo. Rampu ya wanaume hupanda hadi mita 1.8 na sehemu iliyo nje ya maji ina urefu wa karibu mita 6.7. Kwa mwendo ule inakwisha ndani ya robo ya sekunde. Kazi ya miguu ni kukataa kukunjika. Piga hesabu: hata mzigo ukisambaa sawasawa kwenye rampu nzima, mtu wa kilo 80 anabeba kama kilo 330, na kilele chake huwa juu zaidi. Goti likilegea, makalio yanarudi nyuma, ncha za ski zinainuka, na upepo unamaliza kazi kwa kumpindua chali.

Rampu yenyewe lazima iwe na maji juu yake muda wote. Ikikauka, ski zinashika na mwili unatangulia. Ralph Samuelson, aliyeanzisha mchezo huu katika Ziwa Pepin, Marekani, mwaka 1922, aliipaka ya kwake mafuta ya nguruwe mwaka 1925 ndipo akaruka.

"Maji ni laini." Muulize mtoto wa Kibirizi, mwalo wetu hapa Kigoma, aliyeruka kutoka kwenye boti akaangukia tumbo. Huyo alishuka mita mbili tu. Mwaka 2017 Ryan Dodd wa Kanada aliruka mita 77.4, kuzidi upana wa uwanja wa mpira wa miguu. Raha yote iko hapo hewani, ameinama mbele juu ya ski zinazompa mwinuko kama bawa. Malipo yako kwenye kutua: magoti, vifundo vya miguu na mgongo wa chini. Ndiyo maana jaketi la kuokolea peke yake halitoshi. Kuna kofia ngumu, suti yenye sponji nene, na mkanda unaobana mkono kwenye mwili ili kamba isiung'oe begani.

"Tanganyika lina kina kirefu, litafaa kuliko yote." Kina cha mita 1,470 hakimsaidii mrukaji, anachohitaji ni maji yaliyotulia kama kioo, na mashindano mengi hufanyika kwenye viziwa vya kuchimbwa. Hapa Kigoma maji hutulia zaidi alfajiri, saa ileile maboti ya dagaa yanaporudi. Mtu atasema basi tungoje ziwa lifungwe, uvuvi usimamishwe, kama lilivyofungwa Mei hadi Agosti 2024. Bahati mbaya, hiyo ndiyo miezi ya upepo mkali wa kusini.

"Goti likivimba, likande kwa maji moto." Hili ndilo linaloharibu magoti mengi, hata ya wacheza mpira wa Ujiji. Goti lililovimba ndani ya saa chache baada ya kujipinda mara nyingi limevuja damu ndani, pengine kano imekatika. Moto unaongeza uvimbe. Chukua barafu, hata ile ya kuhifadhia samaki, ifunge kwenye kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, ondoa, rudia baada ya saa mbili. Usilichue. Lifunge, uliinue, uende hospitali ya Maweni likapimwe.

Kichwa ni habari nyingine. Aliyeanguka akawa anauliza swali lilelile mara mbili, anatapika au anaona mwanga unamchoma, haruki tena siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Apelekwe hospitali, na usiku asilale peke yake.