Afande aliyevua sare: jeshi la siri la Poland na makaburi ya Nyabyeya

Kila ninapowapeleka wanafunzi kwenye kanisa la Nyabyeya, pembezoni mwa msitu wa Budongo kule Masindi, kuna swali ambalo halikosi: "Baba zao walikuwa wapi?" Wameona makaburi yenye majina ya Kipolandi, wameambiwa kambi ya wakimbizi hapa ilijaa wanawake na watoto, basi wanataka kujua wanaume walienda wapi.

Kwanza nasahihisha jambo moja. Wapolandi waliokaa katika kambi mbili za hapa Uganda, Masindi na Koja, wapatao 7,000 kwa jumla, wengi wao hawakumkimbia Hitler, ingawa ndivyo tunavyosimuliana. Septemba 1939 Poland ilivamiwa na wawili: Ujerumani tarehe 1, Umoja wa Kisovieti tarehe 17. Ni Wasovieti waliowang'oa watu hawa makwao mashariki mwa Poland na kuwatupa Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipomgeukia Stalin, mtawala wa Wasovieti, mwaka 1941, wakaachiwa, na mwaka uliofuata wengi wakatoka kupitia Iran hadi Afrika Mashariki. Wanaume walioweza kubeba bunduki walikwenda na jeshi la Kipolandi la Jenerali Władysław Anders. Wengine walikuwa wameshakufa.

Lakini walikuwapo pia waliobaki ndani ya Poland, na habari zao ndizo zinazowafanya vijana wakae kimya wasikilize, hasa za Stefan Rowecki, afande aliyeongoza jeshi la siri dhidi ya Wajerumani.

Sisi Uganda tukisikia jeshi la siri, akili inakimbilia msituni. Kwa Rowecki, msitu ulikuwa jiji lenyewe la Warsaw, mji mkuu wa Poland: ngazi za maghorofa, tramu, vyumba vya kupanga. Alikuwa kanali, kamanda wa brigedi ya magari ya kivita, na miaka ya amani aliwahi kuandika kitabu kuhusu mapigano ya mitaani. Nchi ilipoanguka hakujisalimisha. Alivaa nguo za kiraia, akarudi mjini, akaanza kusuka jeshi lisilo na kambi. Mwaka 1940 akapandishwa kuwa jenerali, na tangu Februari 1942 jeshi hilo likaitwa Armia Krajowa, yaani Jeshi la Nyumbani. Jina lake la siri lilikuwa Grot, ncha ya mshale. Kwa Kiswahili cha zamani, kigumba. (Watu wa Masindi hucheka hapo, maana Kigumba kwetu ni mji ulioko kwenye barabara ya Gulu. Ni sadfa tu.)

Mfumo wake ulisimama juu ya kutojuana. Mtu alimjua mkubwa wake na wenzake wachache, tena kwa majina ya bandia, ili akikamatwa na kuteswa awe na machache ya kutoa. Ujumbe ulibebwa sana na wanawake na wasichana. Kulikuwa na magazeti ya siri, mahakama za siri, hata masomo ya siri, kwa kuwa Wajerumani walizifunga shule za sekondari na vyuo vikuu vya Wapolandi. Kuanzia 1942 ukutani ilichorwa nanga iliyoundwa kwa herufi P na W, kifupisho cha Poland Inayopigana. Kufikia 1944 waliokula kiapo wanakadiriwa kuwa zaidi ya 300,000.

Kazi ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikuwa kuwazuia watu wake wasipige. Desemba 1939 Wajerumani wawili waliuawa huko Wawer, karibu na Warsaw. Wanaume zaidi ya 100 wa eneo hilo wakapigwa risasi kulipia. Meja Henryk Dobrzański, aliyejiita Hubal, alikuwa amekataa katakata kuvua sare na akaendelea kupigana na wapanda farasi wake katika misitu ya Kielce. Machi 1940 Rowecki alimwagiza avunje kikosi. Hubal akabaki na wachache. Wajerumani wakavichoma vijiji vya maeneo yake na kuua watu wapatao 700, na Aprili 30 naye akauawa. Wanafunzi karibu wote humpenda Hubal. Mimi huwauliza: ungekuwa mwanakijiji ungempenda?

Rowecki hakuwa mwoga wala hakukataa vita. Watu wake waliharibu reli, walipeleka habari za majeshi ya adui kwa serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London, waliwaua wasaliti waliohukumiwa na mahakama za siri. Ila uasi wa nchi nzima aliuweka akiba mpaka Ujerumani iwe inaporomoka.

Hakuuona. Juni 30, 1943 alikamatwa Warsaw, amesalitiwa na watu waliotoka ndani ya mtandao wake mwenyewe, akiwemo Ludwik Kalkstein, ambaye alikuwa amekamatwa mwaka uliotangulia na kugeuzwa awatumikie Wajerumani. Kule Berlin Wajerumani walimtaka ashirikiane nao dhidi ya Wasovieti, akakataa. Warsaw ilipoasi Agosti 1, 1944, chini ya mrithi wake Tadeusz Komorowski, Rowecki aliuawa mwezi huohuo katika kambi ya mateso ya Wajerumani ya Sachsenhausen. Uasi ulidumu siku 63 na mji ukabaki kifusi.

Hapo hufuata swali la pili: mbona wa Nyabyeya hawakurudi vita vilipoisha? Wengi hawakuwa na pa kurudi. Mashariki mwa Poland kulikuwa kumemegwa na kuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Na wapiganaji wa Jeshi la Nyumbani walikuwa wakisakwa na watawala wapya waliowekwa na Wasovieti. Kamanda wao wa mwisho, Leopold Okulicki, alihukumiwa Moscow Juni 1945 na kufia gerezani mwaka uliofuata. Kambi za Uganda zikafungwa moja baada ya nyingine, na watu wengi wakapanda meli kwenda Uingereza, Kanada na Australia.