Je, wajua kwa nini dakika 80 za daktari mmoja huzaa ankara mbili tofauti?

Mgonjwa mpya anafika kliniki nchini Marekani. Daktari amesoma faili lake kwa dakika 15, anakaa naye dakika 50, kisha anaandika maelezo kwa dakika 15 nyingine. Jumla ni dakika 80. Je, kliniki idai malipo ya muda wa ziada?

Wengi hujibu hapana, kwa sababu mgonjwa alionana na daktari dakika 50 tu. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Kosa hilo lina chanzo chake: hadi mwisho wa 2020, muda ulipanga kiwango cha malipo pale tu ushauri na uratibu wa matibabu ulipochukua zaidi ya nusu ya muda wa ana kwa ana. Tangu Januari 2021 huhesabiwa kazi yote ya daktari kwa mgonjwa huyo siku hiyohiyo: kusoma majibu ya vipimo, kumpima, kuagiza dawa, kushauriana na daktari mwenzake, kuandika faili. Akimalizia kuandika saa tatu usiku nyumbani kwake, dakika hizo zimo. Akimalizia kesho yake, hazimo. Dakika za muuguzi aliyepima presha hazimo pia, wala za kipimo kinachodaiwa peke yake, kama kusoma ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Basi dakika 80 zinatosha? Hapo hutegemea nani analipa, na hapa ndipo pananivutia zaidi.

Kiwango cha juu cha mgonjwa mpya, msimbo 99205 (namba ya huduma inayoandikwa kwenye ankara), huanzia dakika 60. Ziada hupimwa kwa dakika 15, kama mchele kwa kibaba: kisipojaa, hakiuzwi. Chama cha Madaktari cha Marekani, kinachotunga misimbo hii, huanza kujaza kwenye dakika ya 60. Kibaba cha kwanza hujaa dakika ya 75, ndipo msimbo 99417 huandikwa. Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wazee, ilikataa hesabu hiyo. Wakati huo 99205 ilikuwa ya dakika 60 hadi 74, kwa hiyo, kwa hoja yake, dakika hizo zilikwisha kulipwa. Yenyewe huanza kujaza baada ya dakika ya 74. Kibaba hujaa dakika ya 89, kwa msimbo G2212.

Mwaka 2024 ukomo wa dakika 74 ulifutwa kwenye maelezo ya 99205, lakini 89 ya Medicare ikabaki palepale. Kwa mgonjwa wa zamani, msimbo 99215, kibaba cha kwanza hujaa dakika ya 55 kwa hesabu ya Chama, na ya 69 kwa hesabu ya Medicare.

Haya yote hufaa tu kama kiwango kilichaguliwa kwa muda, si kwa ugumu wa ugonjwa, na jumla ya dakika imeandikwa failini. Zipo pia bima binafsi zinazofuata hesabu ya Medicare, kwa hiyo mwandishi wa ankara huuliza kwanza. Kwa dakika 80, 99417 hutoa kibaba kimoja, G2212 hakuna. Kwa dakika 90, viwili na kimoja.