Kabla ya kuiweka mashine ya masaji kwenye mguu wa mama

Hapa Malindi siku hizi, ukiingia nyumba za Shela au Maweni, si ajabu kukuta mashine ya masaji. Mtoto aliye Dubai au Saudia akirudi likizo huitia sandukuni pamoja na manukato: ile yenye umbo la bastola inayogonga, ile ya kuvaa shingoni yenye vinundu vinavyozunguka, au ile ya kutia miguu yenye joto. Ni zawadi ya mapenzi. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo na mashine hizi nazitumia kwa wagonjwa wangu. Kinachoniuma ni kuona zinauzwa kana kwamba haziwezi kumdhuru mtu.

Mkandaji aliyefundwa akafundika, kabla hajakaza mkono, hupapasa kwanza. Akiona pana moto, au pamevimba kuliko upande wa pili, huuliza maswali, na mara nyingine hukataa kabisa kukanda. Mashine haina habari hizo. Nyingi hugonga zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, popote utakapoielekeza. Kwa hiyo kazi ya kuuliza inakubakia wewe uliyeishika.

Ninachokiogopa zaidi ni shavu la mguu. Mtu ametoka Nairobi na basi la usiku, magoti yamekunjwa mpaka asubuhi. Au ni mama aliyejifungua wiki iliyopita, bado yuko ndani. Au amepasuliwa nyonga na analala mchana kutwa. Mguu mmoja unaanza kuuma, nyumbani wanasema msuli umekaza, leteni mashine. Huenda kweli ni msuli. Lakini huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likibanduka hupanda na damu hadi moyoni, kisha huenda kuziba mapafu. Mtu aweza kufariki ghafla.

Chukua tepu ya fundi cherehani. Tafuta kile kinundu cha mfupa kilicho mbele, chini kidogo ya goti, shuka sentimita 10, kisha zungusha tepu bila kuikaza. Pima na mguu wa pili vivyo hivyo. Mguu unaouma ukizidi mwenzake kwa sentimita 3 au zaidi, hiyo ni mojawapo ya dalili ambazo madaktari wenyewe huzihesabu. Tepu isipoonyesha tofauti, usijiambie kuwa umesalimika. Vitabu husema tazama wekundu, na kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Basi weka mgongo wa mkono wako kwenye miguu yote miwili ulinganishe joto. Mguu mmoja ukiwa na moto, umevimba au unauma ukiubonyeza, mashine iwekeni kando, aende hospitali, wala msimkande hata kwa mkono. Akianza kukosa pumzi au kuumwa na kifua, hiyo ni dharura ya saa ileile.

Jingine watu hawalijui: msuli wenyewe unaweza kuharibika. Mwaka 2021 madaktari waliripoti kisa cha msichana wa Uchina aliyepigwa masaji kwa mashine ya kugonga baada ya kuendesha baiskeli, misuli ikavunjika vibaya. Misuli ikivunjika hivyo humwaga vitu kwenye damu vinavyoweza kuziua figo. Ukiona mkojo umekuwa kama chai ya mkandaa baada ya kukandwa, usingoje kesho.

Kwa wenye sukari, shida kubwa ni joto. Nyayo zikishapoteza hisia, mtu huungua huku akiona raha, na kidonda cha mguu wenye sukari tunajua kinavyoishia. Anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda huvilia damu ndani kwa kugongwa kidogo tu. Wazee wenye mifupa dhaifu wasigongwe mbavu wala uti wa mgongo. Mwenye kifaa cha moyo kifuani, na mama mjamzito, waulize daktari kwanza.

Umeme nao una yake. Wetu ni volti 240, na mashine iliyonunuliwa Marekani huenda ni ya 120. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti, kwa hiyo soma maandishi ya chaja. Betri ikivimba au ikipata moto sana, usiichaji tena. Na usiichaji kitandani.

Sasa shingo. Mwezi Agosti 2011 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka watu waache kutumia mashine iitwayo ShoulderFlex, baada ya mtu mmoja kufa na mwingine kuponea chupuchupu kunyongwa. Nguo, nywele au mkufu vinaweza kunaswa kwenye sehemu zinazozunguka. Nikisoma onyo lile nawaza mitandio yetu, leso za kujitanda, mikufu ya dhahabu. Dada, mama, vueni vyote hivyo kabla ya kuwasha, nywele zifungeni juu, na swichi iwe mahali mkono unapofika. Usisinzie nayo.

Ile ya kugonga usiipeleke shingoni kabisa, hasa pembeni na chini ya taya, inamopita mishipa mikubwa inayopeleka damu ubongoni. Ukuta wa mshipa ukichanika, kiharusi hufuata, hata kwa kijana. Ipeleke kwenye nyama nene, mapajani na makalioni, kwa kasi ya chini, dakika moja au mbili kila mahali, na ukiumia simamisha. Na kama mtu amegongwa shingo kisha kichwa kikamuuma kwa namna asiyoizoea, uso ukaenda upande, mkono ukalegea au maneno yakamtatiza, mkimbizeni hospitali usiku huohuo, na mweleze daktari kuwa alitumia mashine.